Mafuta Niliyompaka Mwamvua

Mwanangu, katika siku zote za usichana wangu hakuna ninayoikumbuka kama ile niliyosimama katika ua wa Bi Nyamizi, kule Mtendeni, mjini Tabora, jagi la maji mkononi, nikimsikia mtu mzima akitukanwa kwa kosa langu, nami nikanyamaza. Tangu hapo nimezaa, nimezika, nimeitwa bibi na watoto ambao hata majina yao nayachanganya, lakini siku ile haijanitoka. Nikiitaja natazama chini. Unaniona natazama chini hata sasa.

Nakuambia haya, mjukuu wangu, kwa sababu juzi nilipita mlangoni kwako nikakuona mbele ya kioo. Ulikuwa unabinya chunusi za kidevuni, na kichupa cha mafuta ya mti wa chai kiko wazi mezani. Ulimimina kiganjani kama mtu anayetaka kunawa. Sikukugombeza. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani, nikaona kwamba nikikugombeza bila kukueleza nitakuwa nimeficha jambo tena, na mimi nilishaficha la kunitosha.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Waingereza ndio waliokuwa wakitawala, na vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha miaka michache tu. Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Gongoni, akishona kanzu na suruali za makarani. Mwaka ule uso wangu ulijaa chunusi, hasa mashavuni, nyingine zenye usaha, nyingine zimeacha madoa meusi. Nilikuwa nikienda dukani nimejifunika ushungi mpaka puani, na wasichana wenzangu wakiniuliza kama naumwa jino. Najua unavyojisikia, mwanangu. Usidhani mimi nilizaliwa na uso huu wa mikunjo.

Mama ndiye aliyenipeleka kwa Bi Nyamizi. Alikuwa mjane, Mnyamwezi wa Kwihara aliyeolewa mjini, na nyumba yake ilikuwa kando ya ile njia ya zamani ya misafara, ambayo babu yake aliipita mara nyingi akiwa mpagazi wa pembe. Bi Nyamizi alikuwa mkunga, na zaidi ya ukunga alijua ngozi. Mtoto mwenye upele, mwanamke mwenye fangasi, mzee mwenye kidonda kisichofunga, wote walipita kwake. Alikuwa mfupi, mkavu, na alizungumza kidogo sana. Ukimwamkia shikamoo aliitika marahaba huku tayari amekushika kidevu anakugeuza uso kwenye mwanga.

Mafuta yale alikuwa ameletewa na mwanawe wa pekee, Ramadhani. Ramadhani alikwenda jeshini, akapelekwa Misri, na huko akafahamiana na askari weupe waliotoka Australia. Walimpa chupa mbili za rangi ya kahawia. Walimwambia kwamba kwao kuna mti, wao huuita mti wa chai ingawa si chai hii tunayokunywa, na majani yake hukamuliwa mafuta ya kupaka vidonda na vipele. Ukiifungua ile chupa harufu yake inakupanda kichwani. Ni kama kafuri imechanganywa na iliki, na nyuma yake kuna kitu cha hospitali.

Bi Nyamizi hakumpaka mtu mafuta yale mara moja. Kwanza alijijaribia mwenyewe mkononi, yakamwasha na kumtoa malengelenge madogo, akajua kwamba ni makali. Ndipo akaanza kuyachanganya. Matone mawili tu katika kijiko cha mafuta ya karanga aliyoyakamua yeye. Kisha alinipaka kidogo kwenye kiwiko, upande wa ndani, akaniambia nirudi kesho. Niliporudi akatazama, akanusa, akasema, "Ngozi yako imekubali. Sasa utapaka kidogo kila jioni, juu ya chunusi peke yake. Na usizibinye."

"Nitapona lini, bibi?"

"Utakapopona utajua."

Ilichukua zaidi ya miezi miwili. Mwezi wa kwanza nililia, nikasema naibiwa wakati wangu. Mwezi wa pili chunusi zikaanza kukauka moja moja, na siku moja mama aliniambia nitoe ushungi puani kwa kuwa hakuna tena cha kuficha. Kwa shukrani nikawa naenda kwa Bi Nyamizi kila asubuhi, kumchotea maji, kumsafishia vichupa na kumtwangia karanga. Yeye hakuniomba. Nilikwenda mwenyewe, na hapo ndipo kiburi kilipoanza kunipata. Niliona anavyofanya nikadhani najua anachojua.

Sasa kulikuwa na Mwamvua, binti wa baba yangu mkubwa. Tulilelewa pamoja, tukala sahani moja, tukabadilishana kanga. Alikuwa ameposwa na fundi wa reli wa Kigoma, kijana mpole, na harusi ilibaki siku kumi. Siku kumi hizo ndizo chunusi zilipoamua kumtoka, paji la uso lote na kando ya pua. Nilimpeleka kwa Bi Nyamizi. Bi Nyamizi alimshika kidevu kama alivyonishika mimi, akamchanganyia dawa ile ile nyepesi, akamwambia aanze.

"Zitakuwa zimeisha siku ya harusi?" Mwamvua akauliza.

"Hazitakuwa zimeisha. Lakini mwanamume anayekuoa hakuoi kwa siku moja."

Tukiwa njiani kurudi Mwamvua alilia. Alisema wifi yake mtarajiwa, Bi Saada, dada mkubwa wa bwana harusi, anakuja na treni kumwona kabla ya harusi, na kwamba atarudi Kigoma kusema wameozeshwa msichana mwenye uso wa upele. Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia, na maneno haya nayasikia mpaka leo, "Niachie mimi. Ipo dawa kali zaidi, Bi Nyamizi huwapa watu wake tu. Nitamwomba."

Sikumwomba. Jumatatu asubuhi, Bi Nyamizi akiwa nyuma ya nyumba anaanika ufuta, nilifungua kisanduku chake nikamimina yale mafuta matupu katika kichupa cha marashi kilichokwisha. Nilichukua mengi, kadiri ya vidole viwili vya chupa yake. Alasiri nikampaka Mwamvua uso mzima kwa kitambaa, sikuongeza hata tone la mafuta ya karanga.

"Yanachoma, Hidaya," alisema.

"Ndiyo yanafanya kazi. Bi Nyamizi amesema uvumilie."

Nilimpaka tena Jumanne asubuhi, na tena Jumanne alasiri, hata baada ya kuona ngozi imekauka na kung'aa. Aliponiambia macho yanamwasha nilimfunga kitambaa. Aliniamini, mwanangu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka amefumba macho, ameinua uso kama mtoto anayeoshwa.

Jumatano asubuhi niliitwa. Mwamvua alikuwa amevimba, kope zimefumba, mashavu na paji la uso vimejaa malengelenge ya maji, mengine yamepasuka na kuacha ngozi mbichi. Alikuwa hawezi kucheka wala kulia kwa sababu kila alipokunja uso ulipasuka. Nilikaa kando yake nikamshika mkono, na kichwani mwangu sikuwaza maumivu yake. Niliwaza nani atajua. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko mafuta yenyewe.

Na treni ya Kigoma ikaingia siku ile ile. Bi Saada akaja na wanawake wawili na sanduku la nguo za harusi, wakakaribishwa, wakaomba kumwona bibi harusi. Mama mkubwa, mama yake Mwamvua, alijaribu kuwachelewesha kwa chai, lakini Bi Saada hakuwa mtu wa kucheleweshwa. Alifunua pazia, akatazama, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii ni ndui," alisema.

Wewe hujui neno hilo lilivyokuwa enzi zetu. Lilikuwa neno la kufunga nyumba, la watu kuhama njia. Mmoja wa wale wanawake aliweka kikombe chini bila kumaliza chai. Mama mkubwa akaanza kuapa kwamba si ndui, kwamba mtoto alipaka dawa. Dawa gani? Wakamwuliza Mwamvua mwenyewe. Akajibu kwa shida, kwa maana midomo nayo ilikuwa imevimba, "Dawa ya Bi Nyamizi."

Alisema kweli, kwa jinsi alivyojua yeye.

Mimi niliwahi kutoka nikakimbilia Mtendeni. Ningependa kukuambia kwamba nilikwenda kumwonya Bi Nyamizi. Nilikwenda kukificha kile kichupa mbali na kwetu, nikakisukuma chini ya kinu chake. Nilikuta anataka maji, nikashika jagi, na kabla sijamimina wakaingia mama mkubwa na wanawake kama wanane, wa Gongoni na wa hapo hapo Mtendeni, wengine ambao watoto wao walizaliwa mikononi mwake.

Waliyoyasema sitayarudia yote. Walimwita mchawi. Walisema anamwonea wivu binti kwa kuwa Ramadhani wake hajaoa. Mwanamke mmoja, ambaye Bi Nyamizi alimkesha siku tatu kwenye uzazi wake, alitema mate mlangoni. Bi Nyamizi alisikiliza yote. Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa ya kahawia, akaiinua kwenye jua akatazama mafuta yalipofika. Akainusa. Halafu akanitazama mimi, akatazama mkono wangu ulioshika jagi. Harufu ile haitoki vidoleni kwa siku mbili, na yeye aliijua kuliko mtu yeyote.

Nilijua kwamba ameshajua. Nikasubiri aseme.

Alimgeukia mama mkubwa akasema, "Mtoto yuko wapi? Twendeni nikamwone. Mtanitukana njiani."

Ndivyo alivyokwenda. Walitaka kumzuia mlangoni, lakini mama mkubwa alikuwa amekata tamaa akamwachia. Alimwosha Mwamvua uso kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mara nyingi, polepole, mpaka harufu ikapungua. Kisha akampaka asali safi ya kwao Kwihara, akamfunika kitambaa laini kilicholoweshwa. Alikataza mtu kupasua malengelenge. Alirudi Alhamisi asubuhi na jioni, akarudi Ijumaa. Kila mara nilibeba beseni nyuma yake, na kila mara hakunisemesha neno zaidi ya "shika" na "mwaga". Njiani watu walikuwa wakivuka upande wa pili.

Ijumaa mchana tukasikia kwamba Bi Saada amekwisha kulifunga sanduku. Wangeondoka na treni ya Jumamosi, na huko Kigoma posa ingevunjwa. Tayari mjini ilikuwa ikisemwa kwamba nyumba ya baba mkubwa ina ndui.

Bi Nyamizi aliniita ndani akafunga mlango. Alikaa kwenye kigoda, mimi nikakaa chini.

"Hidaya," alisema, "nimekaa siku mbili nakusubiri."

Nikaanza kulia. Akaacha nilie mpaka nikachoka.

"Sikukutaja mbele ya wale wanawake kwa sababu walikuwa na hasira, wangekuumiza. Nikasema moyoni, ataona aibu, atasema mwenyewe. Sasa nimechoka kusubiri. Mimi kutukanwa si kitu kipya, mtu mwenye kazi kama yangu hutukanwa. Lakini yule binti, kesho sanduku lake linarudishwa Kigoma. Anadhani anakufa kwa ndui. Huyo utamwambia nini?"

"Naogopa, bibi."

"Ogopa. Ogopa huku unakwenda."

Nikamwomba aje nami. Akakataa. "Nikija watasema nimekutuma ukaseme ili nijisafishe. Nenda peke yako. Chukua na kichupa chako, unadhani sikukiona chini ya kinu?"

Kutoka Mtendeni hadi kwa baba mkubwa si mbali, lakini siku ile nilitamani pawe mbali kama Ujiji. Nilipofika niliwakuta ukumbini: mama mkubwa, mama yangu, Bi Saada na wenzake, na sanduku limekaa katikati limefungwa kamba. Nilipiga magoti. Nilisema niliiba mafuta, nikampaka matupu, nikamdanganya kwamba yametoka kwa Bi Nyamizi. Nilisema pia kwamba nilikuwapo alipotukanwa nikanyamaza. Sauti yangu ilikuwa ndogo, mama akaniambia niseme tena wasikie wote. Nikasema tena.

Mama mkubwa alininasa kofi. Mama yangu hakumzuia, alifunika uso kwa kanga. Bi Saada yeye alinyoosha mkono.

"Tutajuaje kama husemi hivi kumkinga ndugu yako?"

Nikampa kichupa. Akakinusa, akaingia nyuma ya pazia, akanusa ushungi wa Mwamvua wa Jumanne uliokuwa haujafuliwa. Harufu ni ile ile. Kisha akafanya jambo ambalo siku zote tatu hakuna aliyethubutu kulifanya. Alimfunua Mwamvua mikono, akamtazama viganja, akamtazama nyayo, akatazama kifua. Ngozi ilikuwa safi kote isipokuwa uso.

"Mama yangu aliugua ndui nikiwa mtoto," alisema, "ilimjaa mpaka viganjani. Hii si ndui." Akarudi ukumbini akamwambia mwenzake afungue kamba. Sanduku lilibaki Tabora, na harusi ikasubiri uso upone.

Nikabaki nimepiga magoti. Nilidhani lililobaki ni dogo. Ndipo Mwamvua akasema kutoka nyuma ya pazia, polepole, kwa midomo ile iliyopasuka, "Hidaya, ungeniambia Jumatano. Siku tatu nimelala hapa nikidhani nakufa, nawe umenishika mkono."

 

Uso wake ulipona. Chini ya shavu la kushoto alibaki na alama nyeupe kiasi cha ukucha. Aliolewa baada ya kama mwezi mmoja na nusu, na mimi niliyetarajiwa kumvisha na kumpamba, hakuniita. Siku ya harusi nilikaa jikoni nikimenya viazi na wapishi, nikizisikia nyimbo za ukumbini. Tulikuja kusemezana tena baada ya kupata watoto wetu wa kwanza. Alikuwa mwema kwangu mpaka mwisho, lakini sahani moja hatukula tena.

Na Bi Nyamizi je? Baba aliniamuru niende nyumba kwa nyumba, kwa kila mwanamke aliyekuwa uani siku ile, niseme ukweli. Nilikwenda. Wengine walikwenda kumwomba radhi. Wengine walisema amenitisha ndiyo maana namtetea. Yule aliyetema mate alinifungia mlango kabla sijamaliza. Unaona, mwanangu, uongo wangu walikwenda nao wenyewe kila mtaa, lakini ukweli nilipowapelekea mlangoni waliupokea kwa vidole viwili. Wagonjwa walipungua. Baada ya mvua za mwaka ule Bi Nyamizi aliuacha mji akarudi Kwihara kwa ndugu zake kulima. Nilikuwa namtembelea. Alikuwa ananiitikia salamu, ananipa asali ya kupeleka nyumbani, na hakuwahi kulitaja lile jambo. Alipofariki walioaga maiti walikuwa wachache, na nilihesabu wanawake wanne tu wa Mtendeni.

Basi hayo ndiyo yangu. Sasa nisikilize.

Mafuta hayo si mabaya, yalinitibu mimi. Lakini usiyapake matupu hata siku moja. Changanya matone machache katika mafuta mengine ya kupaka, na kwanza jaribu kidogo kwenye kiwiko, ungoje siku nzima. Yakikuwasha, yaache, ngozi yako imekataa, na kukataa kwake si kosa lako. Weka mbali na macho. Usiyaonje wala usimwachie mtoto akayafikia, ni sumu yakiingia tumboni. Yape wiki nyingi, na yakishindwa nenda kwa daktari wa ngozi, siku hizi wapo. Na usije ukampaka mwenzako dawa usiyoijua kwa sababu tu wewe imekufaa na unataka akuone unajua.

Hilo ni la mafuta. La pili ni kubwa zaidi. Utakosea, mwanangu, hakuna namna. Siku utakapokosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lako. Mimi Jumatano ningechapwa tu. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimemvunjia mzee wa watu jina lake, na sikuweza kulirudisha lote ingawa nilipita kila mlango. Ukiogopa, nenda hivyo hivyo na hofu yako.

Mungu akulindie uso wako na aliyeko ndani ya uso huo. Akupe mtu wa kukusubiri useme, kama nilivyopewa mimi, na akupe miguu ya kwenda kabla hajachoka kusubiri. Akupe umri mrefu, na ukifika hapa nilipo, uwe na machache kuliko mimi ya kuyasimulia ukiwa umetazama chini. Amina. Haya, kilete hicho kichupa, na kijiko, na mafuta ya karanga yako pale kabatini.